Saratani Haisubiri Kisu

Likizo ndefu ya mwaka jana nilikuwa nyumbani, Ubena. Kwa asiyepajua: ukitoka Dar kwa barabara ya Morogoro unapita Kibaha, Mlandizi, Chalinze, halafu mbele kidogo unaanza kuona mashamba ya mkonge. Hapo ndipo kwetu. Siku hizi tuko Halmashauri ya Chalinze, ila bibi yangu akisema "wilayani" bado ana maana ya Bagamoyo.

Jioni moja shangazi yangu, dada yake baba, aliniita chumbani kwake akarudishia mlango.

"Mwanangu, wewe si unasoma mambo ya mwili huko chuoni?"

Nikamjibu, ndiyo shangazi, nasomea ualimu wa Baiolojia na Kiswahili. Akauchukua mkono wangu akauweka kwenye titi lake la kushoto. Nikagusa kitu kigumu, ukubwa wa kokwa la zambarau, hakiumi wala hakisogei vizuri. Akaniambia kina miezi mitano. Alishaenda hospitali moja, wakamwambia lazima wachukue kinyama kikapimwe. Akaondoka na hakurudi.

"Kisu kikigusa tu, kinasambaa," akasema. "Mama mmoja hapa mtaa wa juu walimkata. Hakumaliza mwaka."

Nikasema, "Shangazi, hiyo si kweli."

Akaniangalia. "Haya mwalimu, niambie. Kwa nini si kweli?"

Wanachuo wenzangu, nilikaa kimya. Na kozi ya baiolojia ya seli nilikuwa nimepata A! Kichwani nilikuwa na maneno kibao, yote ya Kiingereza, yote ya kwenye desa, na hakuna hata moja lililokuwa na miguu ya kutembea mpaka kwenye kitanda cha shangazi. Niliishia kumwambia, "Madaktari wanajua wanachofanya," jibu ambalo hata mimi ningelikataa. Akatabasamu, akaniuliza kama nimekula.

Nimeandika makala hii kwa sababu ya ukimya ule. Hoja yangu ni fupi: sisi tunaosomea ualimu wa sayansi tunahitimu tukiwa na elimu ambayo hatuwezi kuikabidhi kwa watu wetu wenyewe. Kwenye ugonjwa kama saratani, hilo si suala la lugha tu. Linakula miezi ya watu. Mtu mwingine angeishia kulalamika hapa, mimi naomba kwanza nimjibu shangazi, hata kama nimechelewa. Halafu nitawaambia ninachodhani tufanye.

Seli hushikana

Tuanze na mkeka. Aliyekulia pwani anajua kwamba mkeka haufumwi wote kwa mpigo. Unasuka kwanza ukili, utepe mrefu mwembamba, kisha unaushona upande kwa upande kwa uzi wa ukindu mpaka upate upana unaoutaka. Ukili ukiwa mzima lakini uzi umeoza, mkeka unaachana vipande vipande.

Mwili nao uko hivyo. Ngozi, utando wa ndani ya utumbo, vijifereji vya maziwa ndani ya titi, vyote ni safu za seli zilizoshonwa upande kwa upande. Uzi wake ni protini. Maarufu kuliko zote inaitwa E-kadherini. Imechomoza nje ya seli, inakutana na E-kadherini ya seli jirani, zinashikana kama meno ya zipu. Ndani ya seli mkia wake umefungwa kwenye protini nyingine zinazoitwa katenini, na hizo zimeshika nyuzi za aktini zinazoipa seli umbo lake. Kwa hiyo seli hazijagusana tu, zimefungana mpaka kwenye mifupa yake, kama naweza kusema hivyo.

Aliyezigundua kadherini ni Mjapani, Masatoshi Takeichi. Miaka ya 1970 aliona kwamba kuna namna ya seli kushikana inayohitaji madini ya kalsiamu. Ukiiondoa kalsiamu kwenye maji ya maabara, seli zinaachiana. Ndiyo maana jina lenyewe la kadherini limebeba kalsiamu ndani yake. (Huu si ushauri wa kunywa maziwa ili kuzuia saratani. Najua kuna mtu alishaanza kuandika status.)

Kadherini haziko peke yake. Kuna integrini, ambazo kazi yake kubwa ni kuishikisha seli na sakafu yake, ule utando na nyuzi zilizo chini na kandokando ya seli. Kuna selektini, zilizo kwenye kuta za mishipa ya damu na kwenye chembe nyeupe, ambazo humsaidia askari wa mwili kupunguza mwendo ndani ya mkondo wa damu na kushuka kituo anachotakiwa. Na kuna ukoo wa nne unaofanana kwa umbo na kingamwili. Hao wote kwa pamoja ndio gundi ya mwili.

Uzi unapooza

Seli ya saratani inapoanza, mara nyingi bado imo ndani ya safu yake. Inagawanyika bila breki, inajazana, inafanya kivimbe, lakini imezungukwa na sakafu ambayo haijatobolewa. Saratani ikikamatwa hapo, kazi ya daktari ni nyepesi kuliko itakavyokuwa baadaye. Kinachoua watu wengi ni ile safari ya kwenda kwenye mapafu, ini, mifupa na ubongo. Kivimbe cha kwanza, pale kilipozaliwa, mara nyingi siyo kinachomaliza mtu.

Na safari inaanza na kuachiana. Mwaka 1944 mtafiti wa Marekani anayeitwa Dale Coman alichukua seli mbilimbili, akazishika kwa sindano nyembamba mno, akazivuta hadi zikaachana, na akapima nguvu iliyotumika. Seli za saratani ziliachiana kwa nguvu ndogo kuliko seli za kawaida za aina hiyohiyo. Wakati ule hakuna aliyekuwa na jina la kadherini. Lakini kipimo kilishasema: ndugu hawa wameanza kutoshikana.

Leo tunajua zaidi. Katika saratani nyingi zinazoanzia kwenye seli za utando, E-kadherini hupungua. Wakati mwingine jeni yake, inayoitwa CDH1 na ipo kwenye kromosomu ya 16, imeharibika. Wakati mwingine jeni ni nzima ila imezimwa. Seli inaacha tabia ya kukaa kwenye safu, inajifunza tabia ya kutembea. Inatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha sakafu iliyo chini yake. Inabadilisha integrini zake ili ishike njia mpya. Inapenya mpaka kwenye mshipa mdogo wa damu au wa limfu, na ikishaingia humo imeshapanda gari.

Niwape mfano ambao kila msichana anayesoma hapa anatakiwa kuujua. Kuna aina ya saratani ya titi inayoanzia kwenye vijumba vya maziwa, na duniani ni kama moja katika kila kumi ya saratani za matiti, au zaidi kidogo. Katika aina hiyo E-kadherini kwa kawaida imepotea kabisa. Ukiiangalia kwa hadubini unaona seli zimepangana mstari mmojammoja kama foleni ya chakula kafeteria, zinapenyeza taratibu. Kwa kuwa hazishikani, mara nyingi hazifanyi donge gumu. Titi linaweza kunenepa sehemu, au ngozi kuvutika, au chuchu kuingia ndani, bila kokwa lolote. Kwa hiyo ile habari ya kwamba kama hujagusa donge uko salama, tuiache. Mabadiliko yoyote ambayo si ya kawaida yako, nenda.

Mfano mwingine unatoka mbali, New Zealand. Kulikuwa na ukoo mkubwa wa Wamaori uliokuwa ukipoteza watu kwa saratani ya tumbo, kizazi baada ya kizazi, wengine wakiwa vijana wadogo. Ukoo wenyewe uliamua kutafuta jibu, ukashirikiana na watafiti, na mwaka 1998 jibu likachapishwa: jeni ya CDH1 ilikuwa imeharibika, na uharibifu huo ulikuwa unarithiwa. Tangu hapo, ndugu waliobeba jeni hiyo wameweza kujulikana mapema na kuchukua hatua kabla ugonjwa haujaonekana. Ninachokipenda kwenye kisa hiki ni kwamba ukoo haukusubiri kuelimishwa. Waliuliza swali, na wakapata watu wa kuwajibu.

Basi kisu kinafanya nini?

Sasa swali la shangazi. Je, kinyama kikikatwa, saratani inasambaa?

Kwanza tuwaheshimu wanaoamini hivyo. Watu wa Ubena si wajinga. Wanasema walichokiona: mama alikuwa anatembea, akaenda hospitali, akakatwa, akafa. Ukipanga matukio kwa mfuatano huo, kisu lazima kiwe mtuhumiwa. Kasoro ni kwamba sura ya kwanza ya hadithi haikuonekana. Mama yule pengine alikaa na kivimbe mwaka mzima kabla ya kwenda. Seli zilikuwa zimeshaachiana, zimeshapenya sakafu, zimeshapanda gari. Kisu kilikuta msafara umeshaondoka, na kikabebeshwa lawama ya msafara.

Nchini kwetu hilo ni jambo la kila siku. Madaktari wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyopo kwenye yale majengo ya kale ya Wajerumani pale ufukweni Dar, wamesema hadharani kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wengi wanafika wakiwa hatua ya tatu na ya nne. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000, na vifo karibu 27,000. Kwa wanawake zinazoongoza ni saratani ya mlango wa kizazi, kisha ya titi.

Pili, tuseme ukweli wote. Je, sindano au kisu cha kupimia kinaweza kuhamisha seli? Inaweza kutokea, ni nadra, na madaktari wanalijua. Ndiyo maana kwa baadhi ya viungo wanachagua njia tofauti ya kupima, na ndiyo maana si kila mtu mwenye wembe anaruhusiwa kukata kinyama. Lakini kuhama kwa seli hakutoshi kuleta saratani mahali pengine. Seli iliyoingia kwenye damu ina safari ngumu kweli. Inagongwagongwa, inakutana na askari wa mwili, inakosa sakafu ya kushika. Seli ya kawaida ya utando ikikosa cha kushika inajiua yenyewe. Katika majaribio ya panya, seli za saratani zilizoingizwa kwenye damu zilikufa karibu zote, zilizofanikiwa kuota kwingine hazikufika hata moja katika mia.

Aliyeliona hili mapema ni daktari Mwingereza, Stephen Paget. Mwaka 1889 alichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi. Akaona kwamba saratani haikwenda popote tu, kuna viungo iliyovipenda na vingine iliyoviruka. Akaifananisha na mbegu na udongo: mbegu hupeperushwa kila upande lakini huota pale tu udongo unapoikubali. Leo tunajua sehemu ya udongo huo ni zile molekuli za kushikana. Seli yenye integrini fulani inapata cha kushika kwenye mapafu, yenye nyingine inapata kwenye ini.

Mkulima yeyote wa Ubena anaielewa hesabu hii. Ukimwaga mbegu siku moja kwenye mwamba, hupati kitu. Ukimwaga kila siku kwa miezi kumi na nne, ipo itakayoangukia kwenye ufa wenye udongo. Kuchukua kinyama ni tukio la siku moja, tena mikononi mwa fundi. Kivimbe kilichoachwa kinamwaga mbegu usiku na mchana bila likizo. Ukiogopa mbegu, cha kuogopa ni kivimbe.

Na hatuna hoja tu, tuna vipimo. Mwaka 2015 watafiti wa Mayo Clinic huko Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 2,000 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya kongosho. Baadhi walichomwa sindano ya kupima kabla, wengine hawakuchomwa. Waliochomwa hawakuishi muda mfupi zaidi. Kama sindano ingekuwa ndiyo msambazaji, hapo ingeonekana.

Hilo ndilo jibu, shangazi. Lilinichukua miezi mingi kulipata, na ungeweza kulipata ndani ya dakika kumi.

Desa lina mshale mmoja

Nilipokuwa natafuta jibu hili niligundua kitu kingine kilichonishtua. Desa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa na mshale mmoja: E-kadherini inapungua, saratani inasambaa. Nilikariri, nikapewa A, nikafurahi.

Kumbe mambo si mepesi hivyo. Saratani nyingi za titi, zile zinazoanzia kwenye vijifereji, bado zina E-kadherini, na bado zinasambaa. Seli zake mara nyingi husafiri kwa vikundi, zimeshikana mikono, na vikundi hivyo ndani ya damu vina uwezo mkubwa wa kuota kwingine kuliko seli inayokwenda peke yake. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, lilionyesha kwenye panya kwamba ukiiondoa E-kadherini kwenye seli za aina hiyo, zinapenya kwa kasi zaidi lakini zinakufa kwa wingi njiani, na mwishowe vivimbe vya mbali vinakuwa vichache. Yaani uzi uleule unaozuia kutoroka ndio unaowasaidia watoro wasife safarini.

Nawaletea hili kwa sababu mbili. Moja, nisije nikawa nimewadanganya kwa mkeka wangu, maana mfano wowote una mwisho wake. Pili, sisi ni walimu watarajiwa. Mwalimu anayejua mshale mmoja tu, mwanafunzi akimuuliza "kwa nini?" atamwambia kaa chini. Mimi nilifanya hivyohivyo kwa shangazi, tofauti ni kwamba nilitumia adabu.

Tunavyofundishwa kunyamaza

Kuna watakaosema hili ni kazi ya madaktari na wauguzi, mwalimu abaki na chaki yake. Nakubali kwamba mwalimu hatibu. Lakini hesabu watu walio karibu na shangazi yangu. Daktari wa saratani yuko Dar, na kumfikia ni nauli, ni siku nzima, ni mtu wa kukusindikiza. Mwalimu wa sekondari ya kata yuko kwenye mgahawa uleule, anachota maji bomba lilelile, anaulizwa maswali yaleyale msibani. Kwa vijiji vingi mwalimu wa Baiolojia ndiye mtu pekee aliyewahi kuiona seli. Asipoweza kueleza, nafasi yake haibaki wazi. Inachukuliwa na muuza dawa mwenye spika kwenye gari.

Wengine watasema lugha haitoshi, maneno ya Kiswahili hayapo. Hili linanikera kidogo, samahani. Nimeandika makala nzima hapa. Uzi, sakafu, safu, kupenya, kushika, kuachiana, mbegu, mitoki ya kwapani: maneno yote haya shangazi alikuwa nayo kabla sijazaliwa. Nilichoazima ni majina ya protini tu, na hayo hata Mwingereza kayaazima. Kadherini si neno la nyumbani kwao London. Neno halikuwa kikwazo changu. Kikwazo ni kwamba katika miaka yote ya shule na chuo hakuna mtihani hata mmoja ulioniambia: "Mweleze mama yako."

Wapo pia watakaosema hofu haiondolewi kwa maelezo. Mtu anaogopa kufa, anaogopa kubaki bila titi, anaogopa mume ataondoka, anaogopa gharama. Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote, na ni kweli. Kumweleza shangazi kuhusu E-kadherini kusingemlipia nauli. Lakini siku ile chumbani hakuniuliza habari ya nauli. Aliniuliza swali la baiolojia. Katika hofu zake zote, ile moja ilikuwa ya saizi yangu, na nilishindwa kumpunguzia hata hiyo.

Ninachopendekeza

Sitaki kuishia kwenye "jamii ielimishwe", sentensi ambayo haijawahi kumwelimisha mtu.

Kwanza, kila mwanafunzi wa ualimu wa sayansi anayekwenda mazoezi ya kufundisha aende na somo moja aliloliandaa kwa Kiswahili, la dakika ishirini, kwa ajili ya kikao cha wazazi au mkutano wa kijiji akikaribishwa. Saratani, kisukari, shinikizo la damu, achague. Darasani tutaendelea na Kiingereza kama mtaala unavyotaka. Kwenye kikao cha wazazi hakuna mtaala.

Pili, chama chetu cha wanafunzi kina kamati ya afya na kina kamati ya elimu. Zikae pamoja na vijana wa tiba na uuguzi, ziandae kurasa mbilimbili za Kiswahili zinazojibu maswali ambayo watu wanayauliza kweli. Siyo "Saratani ni nini?" Maswali yawe: Kisu kinasambaza? Kivimbe kisichouma ni salama? Nikinyonyesha nina kinga? Majibu yakaguliwe na daktari kabla hayajatoka.

Tatu, tuanzie na sisi wenyewe. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Wengi wetu wa mwaka wa mwisho tulikuwa tumeshapita umri huo, au siku ile mama alitukataza kwenda shule. Na kirusi hiki nacho kina mchezo wake na gundi ya mwili: HPV aina ya 16 hupunguza E-kadherini kwenye seli inazoziambukiza, na askari wa mwili wanaokaa katikati ya seli hizo, ambao hujishikiza kwa E-kadherini hiyohiyo, wanakosa pa kushika na wanapungua. Adui anafungua mlango kwa kuondoa komeo la mlinzi. Uchunguzi wa mlango wa kizazi upo, hauna kisu, na unachukua dakika chache. Dada zangu wa hosteli, tukiwa na wadogo zetu nyumbani waliofika umri wa chanjo, tusiache kuuliza kama wamechanjwa.

Nne, walimu wetu wa chuo, kwa heshima zote: tunaomba swali moja tu kwenye kila asaimenti ya sayansi, lijibiwe kwa Kiswahili, likiwa limeelekezwa kwa mtu asiye mwanasayansi. Tuone wangapi tutafaulu. Mimi mwaka jana ningepata sapu.

Shangazi

Alikwenda hatimaye. Hakwenda kwa sababu yangu. Kivimbe kilikua, mitoki ikavimba kwapani, mkono ukaanza kuuma, na baba akakopa pesa. Ilikuwa miezi minne baada ya jioni ile, yaani miezi tisa tangu alipokigusa mara ya kwanza. Kinyama kikachukuliwa. Majibu yakatoka. Mitoki ya kwapani ni dalili kwamba msafara umeshafika kituo cha kwanza, na sindano ya kupima haikuwa imemgusa hata siku moja kabla ya hapo.

Sasa hivi yuko kwenye matibabu. Kuna wiki nzuri na kuna wiki mbaya. Nilipokwenda kumuona mwezi uliopita nilikaa kitandani kwake nikamweleza yote: mkeka, uzi, sakafu, mbegu. Nilichora nyuma ya karatasi ya risiti. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, na si kawaida yake.

Kisha akasema, "Kumbe ni hivyo tu."

Nikamwambia ndiyo shangazi, ni hivyo tu.

"Mbona siku ile hukusema?"

Sikuwa na jibu zuri. Ameniruhusu niandike habari yake kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na karatasi ile niliyochora nimwachie, kwa sababu kuna mwenzake jirani ana kivimbe na anaogopa kisu. Yeye anasema atamweleza mwenyewe.